Kususa au Kushindwa? Lugha na Uangalizi wa Maradhi Sugu ya Meno na Tumbo ya Sungura wa Kufugwa

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia maradhi sugu ya meno na ya tumbo yanayompata sungura anayefugwa nyumbani kama kipenzi, pamoja na lugha inayotumiwa kuyaeleza. Hoja kuu ni kwamba taswira ya sungura wa ngano, aliye mjanja na mwenye maringo, humfuata sungura halisi hadi kizimbani na kumfanya mfugaji ayasome maumivu kama ujeuri. Makala yanaanza kwa kubainisha sungura anayezungumziwa, yanaeleza muundo wa kinywa na tumbo lake, na kuonyesha jinsi maradhi ya viungo hivyo viwili yanavyozaana. Hatimaye yanachunguza msamiati unaohusika na kupendekeza utaratibu wa uangalizi ambao mfugaji wa kawaida anaweza kuufuata.

1.0 Utangulizi

Ni wanyama wachache waliokita mizizi katika fasihi simulizi ya Afrika Mashariki kama sungura. Katika ngano za jamii nyingi yeye ndiye kiumbe mdogo anayemshinda simba kwa maneno, anayempanda fisi mgongoni kwa kisingizio cha ugonjwa, na anayekunywa maji ya kisima alichokataa kuwasaidia wenzake kukichimba. Katika hekaya nyingine mashuhuri, aliposhindwa kuzifikia ndizi zilizoiva, alijiondokea akidai kwamba zilikuwa mbichi.

Hekaya hizo zinatupa tabia mbili za kuzingatia. Kwanza, sungura wa ngano hujifanya mgonjwa ilhali ni mzima. Pili, husema hataki ilhali ameshindwa. Sungura halisi wa kizimbani ni kinyume kabisa cha mwenzake katika tabia ya kwanza: yeye hujifanya mzima ilhali ni mgonjwa. Mnyama anayewindwa na kila mwenye meno na makucha hafaidiki kwa kuonyesha udhaifu wake, kwa hiyo huuficha hadi nguvu zinapomwishia. Katika tabia ya pili wanafanana kwa sura tu. Sungura mwenye jino bovu hukisogelea chakula, akakinusa, akakiokota, kisha akakiacha. Anayemtazama huona mnyama aliyekataa. Ukweli ni kwamba ameshindwa, na hana nia ya kumdanganya mtu yeyote.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa la kuchanganya kukataa na kushindwa ni kosa la usomaji kabla ya kuwa kosa la ufugaji. Ni kosa linalogharimu uhai, na mwanafunzi wa lugha ana nafasi ya kulirekebisha.

2.0 Ni Sungura Yupi Anayezungumziwa?

Neno sungura katika matumizi ya Kiswahili hubeba wanyama zaidi ya mmoja. Sungura wengi wa porini wanaoonekana katika mbuga na mashamba ya Kenya ni wa jenasi ya Lepus. Hawa hawachimbi mashimo ya kuishi, nao huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofunguka. Bila shaka ndio waliowapa wahenga mhusika wao wa ngano. Sungura wa kufugwa ni mwingine. Jina lake la kisayansi ni Oryctolagus cuniculus, na asili yake ni Rasi ya Iberia, yaani eneo la Hispania na Ureno. Huyu huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi na macho yakiwa yamefumba. Kamusi za Kiswahili zina maneno mengine, mathalani kititi na kitungule, lakini katika mazungumzo ya kila siku neno sungura ndilo limewafunika wote.

Jambo la pili la kubainisha ni lengo la ufugaji. Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa miezi michache tu. Huyo hapati muda wa kuugua maradhi sugu ya meno. Sungura anayefugwa kama kipenzi anaweza kuishi miaka 8 hadi 12, na katika muda huo kasoro ndogo ya jino hupata nafasi ya kukua ikawa ugonjwa wa maisha. Ndiyo maana ushauri unaomfaa mfugaji wa nyama, ambaye hutaka mnyama anenepe upesi kwa vidonge vya dukani, haumfai mwenye kipenzi anayetaka azeeke akiwa na afya.

3.0 Kinywa cha Sungura

3.1 Muundo

Sungura mkomavu ana meno 28. Taya la juu lina meno manne ya mbele: mawili makubwa yanayoonekana na vijino viwili vidogo vilivyojificha nyuma yake. Taya la chini lina meno mawili ya mbele. Vijino hivyo viwili vya nyuma ni miongoni mwa sababu zilizowafanya wanasayansi, tangu mwaka wa 1912, kumweka sungura katika oda yake mwenyewe mbali na panya. Sungura hana chonge. Baada ya meno ya mbele kuna pengo refu, na nyuma ya pengo hilo kuna magego 22: 12 juu na 10 chini. Magego haya hayaonekani kwa kumfunua mnyama midomo, kwa kuwa kinywa chake ni chembamba na mashavu yake huyafunika.

Sifa kuu ya meno haya yote ni kwamba hayaachi kukua. Meno ya mbele hukua kwa takriban milimita 2 kwa wiki, yaani zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka kama yasingesagika. Maumbile yamemwekea sungura dawa yake: nyasi. Anapotafuna nyasi, taya lake la chini huenda upande mmoja hadi mwingine kama jiwe la kusagia, na chembechembe ngumu zilizomo katika nyasi huyapunguza magego kwa kadiri yanavyokua. Anapotafuna vidonge au karoti, taya hupanda na kushuka zaidi kuliko kwenda pembeni, na muda wa kutafuna huwa mfupi. Chakula kinaisha, tumbo linajaa, lakini meno hayajafanya kazi yake.

3.2 Vyanzo vya maradhi

Chanzo cha kwanza ni kurithi. Sungura wa uso mfupi, hasa wale wadogo sana na baadhi ya wenye masikio yaliyolala, huweza kuzaliwa na taya la juu fupi kuliko la chini. Meno ya mbele hayakutani inavyofaa, hivyo hayasuguani, na kila moja hukua likielekea linakotaka. Chanzo cha pili ni lishe isiyo na nyasi za kutosha. Cha tatu ni ajali, kama vile kuanguka au kung'ata nyaya za kizimba. Upungufu wa kalisi na wa vitamini D pia huudhoofisha mfupa unaoyashika meno.

Magego yasiyosagika hufanya mambo mawili. Kwa upande wa kinywani huota ncha kali: zile za chini huelekea kwenye ulimi na za juu huelekea kwenye shavu, zikachoma kila mnyama anapotafuna. Kwa upande wa ndani, mizizi huzidi kurefuka na kusukuma mfupa. Mizizi ya juu inaweza kuuziba mfereji wa machozi, ndipo jicho likawa linatoka machozi au usaha bila kukoma. Mizizi ya chini huweza kuleta vinundu vinavyopapasika kwenye ukingo wa taya. Vidudu vikiingia, jipu hutokea. Usaha wa sungura ni mzito kama jibini laini, hivyo hautoki kwa kutumbuliwa tu. Mara nyingi upasuaji huhitajika.

3.3 Dalili

Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya maradhi ya meno ni haya: mnyama kuacha nyasi kwanza huku akiendelea kupenda vyakula laini; kuokota chakula na kukidondosha; kutafuna polepole au kwa upande mmoja; kidevu na miguu ya mbele kulowa mate; jicho kutoa machozi; uzito kupungua; na manyoya kuchafuka kwa kuwa ulimi unauma na hawezi kujisafisha. Inafaa kusisitizwa kwamba dalili ya kwanza huwa ya uchaguzi wa chakula. Hapa ndipo mfugaji hudanganyika, kwa sababu mnyama bado anakula, na anakula vizuri kile anachokiweza.

4.0 Tumbo la Sungura

Sungura ni mla majani asiyecheua. Ng'ombe huchachusha nyasi katika tumbo la mbele. Sungura hufanya kazi hiyo nyuma, katika kifuko kikubwa kilicho mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Kifuko hiki, ambacho katika makala haya kitaitwa sikamu, ndicho kikubwa kuliko sehemu nyingine zote za mfumo wake wa chakula. Ndani yake kuna bakteria wanaovunja majani na kutengeneza virutubisho.

Utumbo wa sungura hutenganisha nyuzinyuzi nene na chembe laini. Nyuzinyuzi nene hupitishwa haraka na kutoka kama punje kavu za mviringo. Chembe laini hurudishwa katika sikamu zikachachushwa, kisha hutoka kama vishada vya punje ndogo, laini, zenye utando na harufu kali. Vishada hivi sungura huvila moja kwa moja vinapotoka. Daktari wa mifugo Mfaransa, Morot, aliieleza tabia hii mwaka wa 1882. Kwa njia hiyo sungura hukipitisha chakula chake mara mbili na kupata protini na vitamini ambazo angezipoteza.

Nyuzinyuzi nene, basi, si makapi. Ndizo zinazousukuma utumbo uendelee kutembea. Zikipungua, utumbo hulegea. Maumivu, woga, kiu na mabadiliko ya ghafla ya chakula huulegeza pia. Utumbo ukilegea, vilivyomo hukauka na kushikamana, gesi hujaa, tumbo huuma, na mnyama anayeumwa tumbo hali. Asipokula, utumbo hulegea zaidi. Huu ni mduara unaojilisha wenyewe. Zamani ilidhaniwa kwamba madonge ya manyoya tumboni ndiyo chanzo. Sasa inaeleweka kwamba mara nyingi manyoya hukusanyika kwa sababu utumbo umekwisha kulegea. Zaidi ya hayo, sungura hawezi kutapika, na akikaa na njaa mwili wake huanza kuyachoma mafuta kwa kasi inayoweza kuliharibu ini.

Uhusiano wa kinywa na tumbo sasa unajitokeza. Jino linauma, nyasi zinaachwa. Nyasi zikiachwa, magego hayasagiki, nalo jino linazidi kuuma. Wakati huohuo nyuzinyuzi zinapungua tumboni, na utumbo unalegea. Anayetibu tumbo pekee bila kutazama kinywa atarudi kulitibu tena baada ya wiki chache.

5.0 Lugha ya Kuyaeleza Maradhi

5.1 Kususa na kushindwa

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya kuelezea asiyekula. Anaweza kukataa, kususa, kudeka, kuchagua, kukinai, au kushindwa. Vitenzi vitano vya kwanza vinamhusisha mtendaji na nia au hisia: ana jambo moyoni, amechukizwa, anataka kubembelezwa, au amechoshwa na chakula kilekile. Kushindwa peke yake ndiko kunakoelekeza macho kwenye uwezo wa mwili.

Chukulia mfano wa kubuni wa sungura wa miaka mitano, mwenye uzito wa kilo 2, katika nyumba moja ya jijini. Wiki ya kwanza anaacha nyasi lakini anapokea vidonge kwa furaha. Watu wa nyumbani wanasema, "Amesusa nyasi." Kwa kuwa mwenye kususa hubembelezwa, anaongezewa vidonge na karoti. Wiki ya tatu punje za kinyesi zimekuwa ndogo na chache. Wiki ya nne kidevu kimelowa. Inasemwa kwamba anapenda sana maji. Jumamosi usiku hali chochote. Inaamuliwa kwamba atakula akisikia njaa, na kwamba daktari atatafutwa Jumatatu.

Mtu akiisoma taarifa hiyo upya na kuweka "ameshindwa kutafuna nyasi" mahali pa "amesusa nyasi", hatua zote zinazofuata hubadilika. Mwenye kushindwa habembelezwi, huchunguzwa. Swali haliwi "Anataka nini?" bali "Ni nini kinachomzuia?" Mnyama anafikishwa kwa daktari wiki ya kwanza, ncha mbili za magego zinasagwa, na Jumamosi hiyo haiji. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Kwa sungura methali hiyo haihitaji ufafanuzi wa kitamathali: saa 12 bila kula wala kunya ni dharura.

5.2 Kusaga meno

Mfano mwingine ni usemi wa kusaga meno. Katika Kiswahili usemi huu umeandamana na kilio na mateso. Kwa sungura sauti ni mbili. Akipapaswa kichwani huku ametulia, huweza kutoa mlio mwepesi wa meno yanayogusana upesi upesi. Hiyo ni ishara ya raha. Akiwa amejikunyata, macho nusu wazi na tumbo limekazwa, mlio mzito wa meno yanayosagana ni ishara ya maumivu makali. Mfugaji anayemwambia daktari kwamba mnyama "anasaga meno" hajasema lolote la kutosha mpaka aeleze mlio wenyewe na mkao wa mwili.

5.3 Tafsida ya choo

Adabu ya Kiswahili humtaka msemaji azifunike habari za haja kubwa kwa tafsida. Hata hivyo, kwa mfugaji wa sungura kinyesi ndicho gazeti la kila asubuhi. Sungura mwenye afya huangusha mamia ya punje kwa siku. Zikiwa ndogo, zenye ncha, zilizounganishwa kwa manyoya, au zisipoonekana kabisa, habari imeandikwa.

Ugumu zaidi uko kwenye kile kishada laini. Kikiitwa kuhara, dawa ya kuzuia kuhara itatafutwa, na mnyama ataumizwa bure. Kishada kilichoachwa bila kuliwa kina maana yake: chakula kina wanga mwingi, au mnyama ni mnene mno, au mgongo na meno vinamuuma hata hawezi kujifikia. Makala haya yanapendekeza istilahi mbili sahili: kinyesi kikavu na kinyesi cha kuliwa. Zinaeleweka papo hapo, na ya pili inataja kazi ya kitu chenyewe, hivyo haiwezi kuchanganywa na kuhara. Kuhara kwenyewe, yaani kinyesi cha majimaji kabisa, ni hatari na huhitaji daktari siku hiyohiyo.

5.4 Sikamu na meno

Kuhusu kile kifuko cha uchachushaji, njia mbili zilikuwepo. Ya kwanza ni kutafsiri neno kwa neno na kupata "utumbo kipofu", kwa vile asili ya Kilatini ina maana ya upofu. Tafsiri hiyo humwachia msomaji picha isiyomsaidia. Ya pili ni kutohoa na kupata sikamu, kisha kueleza. Makala yamechagua ya pili. Kwa upande wa meno, hata hivyo, hapana haja ya kutohoa. Gego, chonge, pengo, ufizi na taya ni maneno ya siku nyingi yanayotosha kabisa. Katika uundaji wa istilahi, hodari ni yule anayejua pia mahali pasipohitaji neno jipya.

6.0 Uangalizi wa Sungura Mwenye Maradhi Sugu

Ugonjwa sugu hauponi kwa ziara moja. Jino lililokwisha kupinda litaendelea kukua likiwa limepinda. Lengo basi ni kuyapunguza maumivu, kuuweka utumbo ukitembea, na kuitambua hatari mapema.

6.1 Lishe

Nyasi ndizo mlo wenyewe. Vingine ni vitoweo. Takriban asilimia 80 au zaidi ya anachokula sungura mkomavu iwe nyasi, na ziwepo mbele yake usiku na mchana. Nchini Kenya nyasi kavu za Rhodes hupatikana kwa marobota, nazo zinafaa mradi hazina vumbi wala ukungu. Majani mabichi yaongezwe kidogokidogo, yakiwa yameoshwa. Vidonge visizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 50 kwa sungura wa kilo 2. Karoti na matunda yana sukari nyingi. Yabaki kuwa tunu ya mara mojamoja. Mkate, biskuti na nafaka havifai. Maji yawe mengi, na katika bakuli kuliko chupa, kwa kuwa wengi hunywa zaidi kwenye bakuli.

Sungura ambaye magego yake yameharibika hata hawezi nyasi ndefu hupewa nyasi zilizokatwa fupi, majani laini yaliyokatwakatwa, na uji wa vidonge vilivyolowekwa.

6.2 Mizani na daftari

Chombo cha maana kuliko vyote ni mizani ya jikoni. Sungura apimwe mara moja kwa wiki, siku ileile, na uzito uandikwe. Kupungua kwa gramu 100 hakuonekani kwa macho chini ya manyoya, lakini kwa sungura wa kilo 2 hiyo ni asilimia 5 ya mwili mzima. Katika daftari hilohilo yaandikwe: nyasi zimeliwa au la, ukubwa wa punje, hali ya kidevu na macho, na tarehe ya kila ziara ya daktari. Sehemu za nyuma zikaguliwe kila siku, hasa wakati wa joto, kwa sababu kinyesi kilichogandamana na manyoya huvutia nzi, na mabuu yanaweza kumjeruhi mnyama vibaya katika muda wa siku moja.

6.3 Meno na daktari

Meno ya mbele yanaweza kutazamwa nyumbani kila wiki. Magego ni kazi ya daktari wa mifugo, ambaye hutumia chombo chenye taa, na kwa uchunguzi kamili humtia mnyama nusukaputi na kumpiga picha ya eksirei ili kuiona mizizi. Ncha husagwa kwa kifaa maalumu. Wengine huhitaji kurudi kila baada ya wiki chache, wengine kila baada ya miezi kadhaa. Daftari ndilo litakaloonyesha kipindi cha kila mnyama.

Meno ya mbele yasikatwe kwa koleo wala kikata kucha. Jino hupasuka kwa urefu, ufa ukafika hadi kwenye kiini chenye neva, na jipu hufuata. Pale ambapo meno ya mbele hayakutani kabisa, daktari anaweza kushauri yote sita yang'olewe. Sungura huzoea kukiokota chakula kwa midomo, mradi amekatiwa vipande vidogo.

Tofauti na mbwa na paka, sungura hanyimwi chakula saa nyingi kabla ya nusukaputi. Hawezi kutapika, na kumfungisha ni kuulegeza utumbo wake. Baada ya matibabu, dawa ya maumivu ni sehemu ya tiba yenyewe, kwani asiyeondolewa maumivu hatakula.

6.4 Dawa za kuogopwa

Viuavijasumu kadhaa vinavyotumiwa sana na binadamu, hususan amoksilini, ampisilini na klindamaisini, vinaweza kumuua sungura vikipitia kinywani. Huwaua bakteria wema wa sikamu, nao bakteria waovu wakachukua nafasi yao na kutoa sumu. Kwa hiyo dawa iliyobaki kabatini, au iliyonunuliwa dukani bila ushauri wa daktari anayemjua sungura, isitumiwe hata kama jipu linaonekana wazi.

6.5 Saa ya dharura

Sungura aliyeacha kula na kunya afikishwe kwa daktari upesi. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 za selsiasi. Likishuka chini ya 38, hali ni mbaya, na apashwe joto kwa blanketi na chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa wakati safari inapangwa. Tumbo lililovimba na kukaza kama ngoma huenda lina kizuizi. Mnyama huyo asilazimishwe kula. Ikiwa tumbo ni laini na daktari ameridhia, uji wa vidonge hutiwa kinywani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, likipitishwa pembeni, katika lile pengo la nyuma ya meno ya mbele. Apewe kidogokidogo, akimeza kabla ya kuongezwa, asije akapaliwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba kinywa na tumbo la sungura ni ugonjwa mmoja wenye milango miwili, na kwamba mlango wa kwanza kufunguka mara nyingi ni nyasi zilizoachwa. Yameonyesha pia kwamba mfugaji huupita mlango huo bila kuuona pindi anapotumia kitenzi cha nia mahali pa kitenzi cha uwezo. Ngano hazina lawama. Sungura wa ngano alibuniwa awafunze watu juu ya watu, na kazi hiyo ameifanya barabara. Kosa ni kumtwika mnyama wa kizimbani tabia za mhusika.

Mapendekezo mawili yanatolewa. La kwanza ni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 iliithibitisha lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi, na lugha rasmi haiishii bungeni na mahakamani. Inatarajiwa pia kwenye kijikaratasi cha dawa na katika chumba cha daktari. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kushirikiana na wanafunzi wa tiba ya mifugo, kama walioko Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kuandaa maelezo mafupi ya uangalizi wa wanyama wa nyumbani kwa istilahi zilizojaribiwa kwa wafugaji wenyewe. La pili ni kwa mfugaji. Sungura anapoziacha nyasi, neno "amesusa" liwekwe kando mpaka kinywa kikaguliwe. Mnyama huyu hana sauti ya kujitetea, na maneno yanayosemwa juu yake ndiyo yanayoamua kama atapelekwa kwa daktari leo au atangojwa hadi Jumatatu.